Kalamu Yenye Nakshi na Somo la Kuandika

Wanachuo wanapoorodhesha zana za kufundishia, aghalabu huanza na ubao na chaki, wakafuatisha chati, kadi za herufi, vihesabio vya mbegu na vizibo vya chupa, wakamaliza na mazingira ya shule. Kalamu haimo katika orodha hiyo. Huhesabiwa kuwa mali ya mwalimu mwenyewe, kitu cha kuchomekwa mfukoni, na mwanafunzi hutakiwa awe na yake tu, iwe ya namna yoyote. Makala haya yanakusudia kuipinga fikira hiyo, nayo yataanzia mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia, yaani kwenye kalamu ya anasa, ile iliyopambwa kwa nakshi au picha iliyotokana na sanaa ya kale.

Kalamu za namna hiyo zimekuwa nyingi. Majumba ya makumbusho ya nchi za nje huziuza katika maduka yao pamoja na vitabu na kadi. Kampuni ya Visconti ya mjini Florence, nchini Italia, imetengeneza mfululizo mzima wa kalamu ambazo rangi zake zimeigwa kutoka picha za Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi aliyefariki mwaka 1890. Wengine huweka lile wimbi kubwa la Hokusai wa Japani, au maandishi ya picha ya Misri ya kale. Hapa kwetu nako hazikukosekana. Katika masoko ya vinyago zipo kalamu zilizovishwa shanga, zilizochongwa kichwa cha twiga, na zilizopakwa ndege na samaki kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Lushoto, kwa kuwa ni mji unaotembelewa na wageni wengi kwa ajili ya hewa na milima yake, hupata fungu lake, maana mgeni akiondoka humwachia mwenyeji wake kalamu iwe kumbukumbu. Ndiyo sababu si ajabu kumkuta mwanachuo ambaye sanduku lake halina nguo ya pili ya sikukuu, lakini ana kalamu ambayo bei yake kule ilikotoka yaweza kununua mbuzi na chenji ikabaki.

Yafaa kwanza tuifahamu kalamu yenyewe, kwa kuwa mwalimu asiyejua jinsi zana inavyofanya kazi hawezi kuamua itumike wapi. Nyingi kati ya kalamu hizi ni za gololi zenye wino wa maji. Kalamu ya gololi tuliyoizoea, ambayo watu huiita bik kwa jina la kampuni ya Kifaransa iliyoanza kuiuza mwaka 1950, ina wino mzito wa mafuta. Asili yake ni uvumbuzi wa László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, aliyeuandikisha mwaka 1938. Ile yenye wino wa maji ilikuja baadaye, mwaka 1963, kutoka kampuni ya Ohto ya Japani. Zote mbili zina gololi ndogo nchani ambayo huzunguka, ikichota wino kwa upande wa ndani na kuupaka karatasini kwa upande wa nje. Tofauti imo katika wino. Wino wa mafuta hautoki mpaka mkono ubonyeze. Wino wa maji hushuka wenyewe gololi inapogusa tu karatasi, na kwa hiyo mkono hauchoki upesi.

Walimu wa Magamba na Shume wanazijua asubuhi za Juni na Julai, ukungu umeshuka hadi madirishani, na watoto wanazipulizia pumzi kalamu zao na kuzisugua viganjani kwa sababu wino wa mafuta umekuwa mzito kwa baridi. Wino wa maji hauna taabu hiyo. Taabu zake ni nyingine: hupenya karatasi nyembamba ya daftari, hukawia kukauka, na kalamu ikiachwa bila kifuniko ncha yake hukauka. Tena, ikiwa imebebwa katika basi kutoka Mombo, penye mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto penye mita zipatazo 1,400, mwenye kalamu asishangae kukuta tone la wino ndani ya kifuniko. Hewa iliyofungwa ndani imetanuka kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje imepungua. Hilo peke yake ni somo zuri la sayansi kwa darasa la sita, lakini silo shabaha yetu leo.

Katika mazoezi ya kufundisha ya hivi karibuni, mwanachuo mmoja aliingia darasa la nne na kalamu ya aina hiyo, zawadi ya mgeni, mwili wake wote rangi ya buluu iliyokoza na manjano inayozunguka, kwa mfano wa picha ya usiku wa nyota ya Van Gogh. Watoto walipoleta madaftari kusahihishwa hawakuzitazama alama walizopewa, waliitazama kalamu. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo picha ni ya nini?" Mwanachuo akajibu kwamba ni urembo tu, akawaamuru warudi kwenye madawati yao. Katika kikao cha tathmini mkufunzi mwenzangu alisema kuwa kalamu hiyo ingepaswa kubaki bwenini kwa sababu inaondoa usikivu wa darasa. Mwingine alisema ni mali halali ya mwenyewe, wala haituhusu. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Kwa maoni yangu upungufu wa kipindi kile haukuwa katika kalamu. Ulikuwa katika jibu. Mtoto aliuliza swali la somo, akajibiwa kana kwamba ameleta utovu wa adabu.

Jibu lingeweza kuwa lipi? Mwanachuo angeweza kusema kwamba picha ile ilichorwa na mtu ambaye, kabla ya kushika brashi, aliwahi kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya wavulana mjini Ramsgate, Uingereza, mwaka 1876, akipewa chakula na malazi tu bila mshahara. Angeweza kueleza kwamba mtu huyo alipohamia Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, alikata matete, akayachonga ncha, akayatumia kuwa kalamu, na kwa kalamu hizo akachora mashamba, miti na watu kwa vistari, nukta na mikunjo. Picha ya usiku wa nyota aliichora kwa rangi mwezi Juni 1889, mjini Saint-Rémy, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kisha akaichora tena kwa kalamu na wino ili ampelekee ndugu yake Theo. Barua zake kwa Theo zilizohifadhiwa zapita 600, na katika nyingi kati ya hizo mistari ya maneno inakatizwa na mchoro. Alipoona kwamba maneno hayatoshi kumweleza ndugu yake jinsi shamba au chumba kilivyo, kalamu iyo hiyo iliacha kuandika ikachora, halafu ikaendelea kuandika.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Kalamu ya anasa inayopita mikononi mwa wanachuo wetu imevishwa kazi ya mtu aliyekata kalamu yake mwenyewe kwa kisu, bila kulipa senti. Na mtu huyo hakuona mpaka kati ya kuandika na kuchora.

Kalamu ya tete si ngeni kwetu. Neno kalamu lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, nacho kililipata kutoka kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa na maana ya tete. Waandishi wa pwani yetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, zamani sana kabla ya herufi za Kirumi kuenea. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilinakiliwa misahafu ambayo kurasa zake zina maandishi yaliyozungukwa na mapambo ya rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Mwenye kuutazama ukurasa wa namna hiyo hawezi kusema kwa urahisi ni wapi herufi inakwisha na ni wapi ua linaanza.

Wala pwani peke yake haikuwa na waandishi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyetumika katika baraza la Semboja kule Mazinde, chini ya milima hii, ndiye aliyetuachia Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kupigwa chapa katika misheni ya Magila mwaka 1895, na kutolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe mwitu aliyepewa ufalme wa Usambara, tunayajua kwa kuwa mtu huyu alikaa kitako akaandika. Mwanachuo anayesoma hapa Lushoto bila kukifahamu kitabu hicho ana deni la kulipa kabla hajahitimu.

Sasa tutazame nakshi za kwetu. Wazee wetu wa Usambara hawakuwa na desturi ya kutundika picha ukutani ili zitazamwe. Nakshi waliiweka juu ya chombo cha kazi. Mama mfinyanzi huchora shingo ya chungu udongo ungali mbichi, na chungu hicho hupikiwa. Tunguri la mganga lilizibwa kwa kizibo kilichochongwa umbo la mtu. Hata vinyago vya udongo vilivyotumiwa katika jando na unyago vilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni kufundisha! Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa kitabu mwaka 1956 kinachoeleza jinsi vinyago hivyo vilivyotumika miongoni mwa Wasambaa, Wazigua na jirani zao: kila kinyago kiliambatana na wimbo wake, na wimbo uliambatana na funzo ambalo mwali alipaswa kulishika. Nawaomba wanachuo walifikirie jambo hilo watakapoambiwa tena kwamba zana za kufundishia zilikuja na wamisionari.

Kwa hiyo kalamu iliyopambwa si jambo la kuchekwa wala la kustaajabiwa mno. Ni chombo cha kazi kilichowekewa nakshi, kama chungu. Lililo geni ni sisi kuiona nakshi ile kuwa upuuzi usiohusiana na kazi ya chombo.

Shuleni tumevitenganisha vitu hivi viwili. Kuandika kuna saa yake, kuchora kuna saa yake, na saa ya kuchora aghalabu humezwa na hisabati mtihani unapokaribia. Mtoto wa darasa la kwanza huanzishwa kwa kufuatisha vistari na viduara, nalo ni jambo jema, lakini baada ya majuma machache vistari hivyo huachwa, herufi zikaanza kukaririwa kama amri. Tangu mwaka 2015 mkazo wa madarasa ya kwanza mawili umewekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo nionavyo madarasani, kuandika ndiko kunakosukumwa pembeni kati ya hayo matatu, kwa kuwa mtoto akisoma husikika na akihesabu huonekana, ila mwandiko mbaya huvumiliwa. Mwaka 2012 karatasi za majibu za mtihani wa darasa la saba zilianza kusahihishwa kwa mashine, mtahiniwa akisiliba viduara kwa penseli, na nimewasikia walimu wakisema waziwazi kwamba tangu hapo hawakuona sababu ya kuhangaika na hati. Huo ni msiba. Mtoto ambaye hati yake haisomeki huacha kuandika. Huandika kifupi ili asumbuke kidogo, hujibu kwa neno moja mahali palipotakiwa insha, na mwalimu humhukumu kwamba hana fikra, kumbe hana mkono.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Katika shule nyingi nilizotembelea somo hilo limekuwa mpira. Sina ugomvi na mpira. Lakini nafasi imefunguka, nasi tusipoitumia kuvirudisha pamoja kuandika na kuchora, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Naomba niwapendekezee njia ambayo nimeijaribu pamoja na wanachuo katika madarasa ya tatu na ya nne. Haihitaji kalamu ya Italia.

Anza na khanga. Mwambie kila mtoto aombe nyumbani ruhusa ya kuja na khanga moja, au mwalimu alete tatu au nne zake mwenyewe. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Ni nguo ambayo kila mama anayo, nayo imeunganisha nakshi na maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. (Mwalimu ayasome majina ya khanga zote kabla ya kipindi. Si kila jina linafaa kusomwa mbele ya darasa la tatu, na baadhi yake yamekusudiwa jirani fulani!) Waulize watoto wataje maumbo wanayoyaona katika pindo: meno ya msumeno, mawimbi, maduara, nusu duara, nukta. Waandike maumbo hayo kwa kidole hewani, kisha kwa kijiti mchangani, kisha kwa penseli, mstari mzima bila kuinua mkono. Ndipo uwaulize ni herufi gani zimejificha mle. Katika meno ya msumeno wataziona v na w. Katika mawimbi n, m na u. Katika maduara o, a, d na g. Nimeona watoto walioandika m yenye miguu minne wakiirekebisha wenyewe baada ya kujaza mistari miwili ya mawimbi, bila mwalimu kusema neno. Mkono ulikuwa umepata mwendo.

Kwa shule za vijijini ambako mama wa mtoto ni mfinyanzi, chungu chaweza kuchukua nafasi ya khanga, tena kwa faida zaidi kwa sababu nakshi yake huguswa. Wanachuo waliokwisha kuitembelea shule ya wasioona ya Irente watanielewa. Mtoto asiyeona huandika nukta nundu kwa kutoboa karatasi, akianzia kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Kalamu yake haina wino wala rangi. Hata hivyo anajua hati safi na hati chafu, maana nundu zilizopondeka humchosha kidole kama hati mbaya inavyotuchosha macho. Mwalimu mwenye mtoto asiyeona vizuri katika darasa la kawaida ampe chungu na mkeka avipapase mistari yake wakati wenzake wanatazama khanga, naye hatakuwa nyuma yao.

Hatua ya pili ni kalamu yenyewe. Matete hupatikana katika mabonde yetu, kando ya vijito, na mianzi membamba pia hufaa. Kata vipande vyenye urefu wa shibiri moja, uviache vikauke kivulini juma zima. Chonga ncha kwa mshazari, kisha ipasue katikati kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha, ili wino upate njia ya kushuka. Mwisho ikate ncha iwe butu kidogo. Kazi ya kisu ifanywe na mwalimu. Wino hutengenezwa kwa masizi ya chungu yaliyochekechwa kwa kitambaa, yakachanganywa na maji yenye gundi ya mgunga, ambayo watu wa tambarare wanaweza kutuletea. Gundi ikipungua, wino hufutika ukiguswa; ikizidi, wino hunata. Udongo wetu mwekundu ukichekechwa vizuri na kutiwa gundi hiyo hiyo hutoa wino wa pili. Hapo mwalimu anaweza kuwaeleza watoto habari za michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ambayo mingi ni ya rangi nyekundu iliyotokana na madini ya chuma yaliyomo ardhini. Wengi wao hawajui kwamba nchi yao ina picha za kale kuliko zile za kwenye kalamu za watalii.

Karatasi isiwe ya daftari. Tumia migongo ya kalenda zilizokwisha muda au karatasi ya mifuko ya saruji iliyopanguswa vizuri. Mtoto aandike jina lake kwa herufi kubwa, kisha alizungushie pindo la maumbo aliyojifunza. Kalamu ya tete haikubali haraka. Ukiivuta chini hutoa mstari mnene, ukiivuta kando hutoa mwembamba, na ukiisukuma kwa nguvu hurusha wino. Mtoto aliyezoea kuikandamiza bik mpaka daftari likatoboka hulegeza mkono baada ya dakika chache, kwa kuwa hana budi. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, nayo ndiyo ile ile inayosifiwa katika kalamu za bei kubwa za wino wa maji, yaani mkono mwepesi.

Najua yatakayosemwa. Darasa lina watoto 80 na kipindi hakifiki saa nzima. Jibu ni kwamba kalamu kumi na mbili zatosha kwa vikundi, kikundi kimoja kikiandika kwa wino wakati vingine vinafanya mistari kwa penseli, na zamu zikamalizika kwa majuma mawili. Mzazi atalalamika kuhusu wino katika sare. Atalalamika kweli, kwa hiyo kipindi kifanyiwe nje, mikono ya mashati ikunjwe, na wazazi waarifiwe mapema. Yuko atakayesema kwamba haya ni kuwarudisha watoto nyuma wakati dunia inaandika kwa simu. Huyo namwomba aende katika shule yoyote ya milima hii, ahesabu simu zilizopo madawatini, kisha ahesabu penseli. Waliotutangulia katika kazi hii, baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, walitengeneza zana zao kwa vitu vilivyowazunguka, na wengi kati ya waliofundishwa kwa zana hizo wana hati ambayo sisi tunaihusudu. Ajabu ni kwamba tumeendelea kufundisha somo la kutengeneza zana vyuoni, lakini zana ya kuandikia hatuitengenezi.

Na ile kalamu ya usiku wa nyota? Mwanachuo aliyezawadiwa asiifiche, wala asikope fedha kuinunua aliyekosa. Asiitumie kusahihishia madaftari ya wanafunzi, kwa sababu wino wake hupenya na kuchafua kazi ya ukurasa wa pili, na mtoto atakayekuta doa jekundu juu ya insha yake ya kesho hakustahili adhabu hiyo. Aitumie kuandikia maandalio ya somo katika daftari lenye karatasi nzito, aone mwenyewe jinsi mkono unavyokwenda usipobanwa. Siku ya kipindi cha tete aipeleke darasani, aiweke mezani karibu na chungu na khanga, watoto waishike kwa zamu, na swali likiulizwa alijibu.

Wanachuo watakaokwenda Mlalo, Mtae na Soni katika mazoezi yajayo nimekwisha kuwaomba wakate matete yao kabla ya mvua kuanza, kwa sababu tete lililokatwa na maji hupasuka likikauka. Kalamu zioshwe mara tu kipindi kinapokwisha, zisimamishwe katika kopo ncha ikiwa juu. Na katika kila kumi zichongwe mbili ambazo mshazari wake umeelekea upande wa pili, kwa ajili ya watoto wanaotumia mkono wa kushoto. Hao wasilazimishwe kuhamia wa kulia, bali wafundishwe kuilaza karatasi kulia kidogo, ili kiganja kisipite juu ya wino mbichi.